UZI: Nyasi za plastiki nyumbani, ama jinsi California ilivyogeuza sheria mara mbili kwa miaka 8

1/ Ukisikia watu wakibishana kuhusu nyasi bandia utafikiri ni mambo ya urembo wa nyumba. Mmoja anasema zinaokoa maji, mwingine anasema ni plastiki tu. Lakini mjadala huu umebadilisha sheria ya California mara mbili ndani ya miaka 8, kila mara kwa upande tofauti. Wacha tupitie historia yake, halafu turudi hapa Nairobi. Hakuna chama wala mwanasiasa atakayetajwa, kwa hivyo tulieni.

2/ Tuanze na nyasi zenyewe. Ukoka uliokatwa mfupi mbele ya nyumba haukuanza kama kitu cha mwananchi wa kawaida. Ulaya ya karne ya 17 na 18 ulikuwa wa wafalme na makabaila. Kuwa na ardhi nzuri na usilime chochote juu yake ilikuwa njia ya kuwaambia majirani kwamba kwako njaa haijui njia. Mashine hazikuwepo, kwa hivyo kuna vibarua walioamka alfajiri kuukata kwa mikono.

3/ Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa karibu na Stroud huko Uingereza, alipata hataza ya mashine ya kukata nyasi. Wazo alilitoa kwa mashine za viwanda vya nguo zilizokuwa zikipunguza manyoya ya kitambaa. Kuanzia hapo, hata karani mwenye kaploti kadogo angeweza kuwa na ukoka kama wa bwana mkubwa. Alama ya utajiri ikashuka mtaani.

4/ Hapa kwetu ukoka wa aina hiyo ulikuja na ukoloni. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Baada ya muda jiji likagawanywa kwa rangi ya ngozi: ploti kubwa zenye bustani upande wa Muthaiga na Karen zikawa za Wazungu, Waafrika wakasukumwa Eastlands kwa vyumba vilivyobanana. Na nani alikata nyasi za Muthaiga? Mtu mzima, baba wa watoto, aliyeitwa "shamba boy". Jina hilo bado tunalitumia.

5/ Sasa sikiza hii. Moja ya nyasi za bustani zinazojulikana sana duniani asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake ni nyasi za Kikuyu. Leo ziko Australia, Afrika Kusini na California. Riviera Country Club, kiwanja maarufu cha gofu huko Los Angeles, kimejaa hizo. Wakati huohuo serikali ya Marekani imeziorodhesha kama gugu hatari, kwa sababu zikishaingia mahali kuzitoa ni kazi. Tutazirudia hizi nyasi, zikumbuke.

6/ Nyasi bandia nazo hazikuvumbuliwa kwa ajili ya bustani za nyumbani. Marekani, miaka ya 1950, wakubwa walianza kuwa na wasiwasi kwamba vijana wa mjini hawana nguvu mwilini kama wale wa mashambani. Sababu moja: mjini hakuna pa kuchezea. Ford Foundation ikasaidia utafiti wa kutafuta kitu laini cha kutandika juu ya lami na saruji. Mwaka 1964 kapeti ya kwanza kubwa iliwekwa Moses Brown School, Providence, Rhode Island. Iliitwa ChemGrass, na ilitoka kampuni ya Monsanto.

7/ Tambua hapo: wazo la mwanzo lilikuwa kufunika saruji ili watoto wa mjini wapate pa kukimbia. Kufunika udongo halikuwa lengo. Mengi ya ugomvi wa leo yanatokana na kusahau hiyo tofauti.

8/ Umaarufu ulikuja kwa ajali. Mwaka 1965 Houston ilifungua Astrodome, uwanja wa besiboli wenye paa, na nyasi halisi ndani. Paa lilikuwa la vipande vinavyopitisha mwanga. Wachezaji wakalia kwamba mng'ao wake unawazuia kuona mpira ukiwa juu. Vipande vikapakwa rangi. Mwanga ukapungua, nyasi zikafa, msimu ukamalizikia kwa udongo uliopakwa kijani! Mwaka 1966 wakaweka ChemGrass, ikabatizwa AstroTurf, na hilo jina ndilo likashika.

9/ Mashabiki wa soka ya Uingereza wanakumbuka sura ya pili. QPR waliweka uwanja wa plastiki 1981. Luton, Oldham na Preston wakafuata. Mpira ulidunda kama uko kwa sakafu, na ukianguka ngozi inabaki pale. QPR waliung'oa 1988, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 viwanja hivyo vilikuwa vimetoka kwa ligi zile. Ungedhani hadithi imeishia hapo.

10/ Haikuisha. Watengenezaji walirudi na nyuzi ndefu na laini zaidi, katikati wakajaza mchanga na punje za mpira uliosagwa kutoka kwa matairi mazee. Sasa zilifanana na nyasi kweli. Kutoka uwanjani zikaingia shuleni, kutoka shuleni zikaingia kwa ua wa nyumba. Ahadi kwa mwenye nyumba ilikuwa tamu: hakuna kumwagilia, hakuna kukata, hakuna matope, na kijani mwaka mzima.

11/ Halafu ukame ukaja. California ilikauka kuanzia 2012 hadi 2016. Nyumba nyingi huko hutumia takriban nusu ya maji yao nje, na mengi ya hayo ni ya kumwagilia nyasi. Aprili 2015 jimbo likaamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Mwaka huohuo likapitisha sheria: mji, kaunti ama chama cha wenye nyumba hakiruhusiwi kumkataza mtu kuweka nyasi bandia kwake. Yaani kukataza kukakatazwa.

12/ Kwa hesabu ya wakati ule ilikuwa na mantiki. Mabwawa yanashuka, na kuna mtaa unampiga mtu faini kwa sababu ameacha nyasi zake zikauke. Ukiwa na shida moja tu mezani, yaani maji, kapeti ya plastiki inaonekana jibu zuri kabisa.

13/ Shida ni kwamba mezani kulikuwa na bili zingine ambazo hazikusomwa. Ya kwanza ni joto. Nyasi hai hutoa mvuke na kupoa, plastiki hunyonya jua na kulihifadhi. Watafiti wa Brigham Young University, Utah, walipima 2002 wakakuta uso wa uwanja bandia umefika zaidi ya nyuzi 90 za selsiasi siku ya jua kali. Walipoumwagia maji ulipoa, lakini joto likaanza kupanda tena baada ya dakika chache tu. Kile kitu cha kuokoa maji kilikuwa kinaomba maji.

14/ Bili ya pili ni chembechembe. Nyuzi zinachakaa, punje za mpira zinabebwa na mvua na viatu hadi kwa mitaro. Septemba 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha katazo la kuuza punje hizo za plastiki za kujazia viwanja, na ukatoa miaka 8 ya kujipanga. Ongeza wasiwasi wa kemikali za PFAS, zile zinazoitwa za milele kwa sababu haziozi kwa urahisi, ambazo zimepatikana kwenye baadhi ya kapeti hizi.

15/ Bili ya tatu ni udongo. Chini ya kapeti unashindiliwa na kufunikwa. Nyungunyungu hawapati majani ya kula, nyuki hawapati ua, ndege hawapati mdudu. Ndiyo sababu Royal Horticultural Society, chama kikubwa cha bustani Uingereza, kilizipiga marufuku kwenye maonyesho yake 2022, pamoja na yale maarufu ya Chelsea. Serikali ya huko nayo ilisema haina mpango wa kuwakataza watu majumbani.

16/ Basi 2023 California ikageuka. Sheria mpya ikarudishia miji na kaunti uwezo wa kupiga marufuku nyasi bandia zikitaka. Jimbo lilelile, miaka 8 tu. Wapinzani wa kila upande hupenda kusema wenzao walihongwa ama hawajui sayansi. Ukweli ni rahisi zaidi: 2015 walihesabu maji, 2023 wakahesabu pia joto, plastiki na udongo.

17/ Las Vegas walipita njia nyingine. Mvua yao ni karibu milimita 100 kwa mwaka, na takriban asilimia 90 ya maji yanatoka Mto Colorado. Tangu 1999 mamlaka ya maji huko inawalipa watu wang'oe ukoka na kupanda mimea ya jangwani. Mwaka 2021 sheria ikaamua kwamba kuanzia 2027 maji ya mto huo hayatamwagiliwa nyasi za mapambo tu, zile za kando ya barabara na mbele ya maofisi ambazo anayezikanyaga ni yule anayezikata. Viwanja vya watoto na nyumba za familia moja havikuguswa. Swali lao halikuwa "halisi ama bandia?" Waliuliza "nyasi hizi zina kazi gani?"

18/ Sasa nyumbani. Nairobi tumeishi na ratiba ya mgao wa maji tangu 2017. Kuna mtaa unapata maji siku mbili kwa wiki, zilizobaki ni boza na mitungi. Kwa hivyo mtu akisema hatamwagilia nyasi wakati jirani anabeba mtungi, ana hoja. Lakini usichukue hoja ya Las Vegas nzima nzima. Nairobi hupata mvua mara 9 hivi ya ile yao. Na zile nyasi za Kikuyu? Kiangazi zinakuwa kahawia, mvua ikinyesha zinarudi zenyewe. Zilizaliwa hapa. Kinachokula maji ni kutaka kijani cha Februari.

19/ Halafu angalia nyasi bandia za Nairobi ziko wapi. Nyingi ziko kwa roshani za ghorofa, kwa mikahawa, juu ya paa, juu ya saruji ama kabro. Pale hakukuwa na nyungunyungu wa kuua. Hiyo ni karibu na wazo la 1964. Ni sawa pia na Camp Toyoyo pale Jericho: uwanja bandia unaochezwa mchana kutwa, hata mvua ikinyesha, unahudumia watoto wengi kuliko uwanja wa matope. Ukiupinga huo, kwanza waambie vijana wa Jericho waende wapi.

20/ Ni tofauti kabisa na mwenye nyumba anayeng'oa nyasi za ua wote, anashindilia kokoto na kutandika plastiki. Udongo wa kunywa maji unapungua, na yale ambayo hayakuzama yanateremka. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na Nairobi waliobebwa zaidi ni wa mabondeni, Mathare na kwingineko. Si ati nyasi bandia ndizo zilileta mafuriko, hapana. Kabro na saruji zimefunika sehemu kubwa zaidi kwa mbali. Lakini kila ua unaozibwa juu mlimani unaongeza kidogo kwa mzigo wa mtu wa chini ambaye hana ua.

21/ Na mwisho wake je? Kapeti hizi hudumu miaka 10 hivi, zingine zaidi. Ni tabaka za plastiki tofauti zilizogandishwa pamoja, kwa hivyo kuzirejeleza ni ngumu. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na tukasifiwa dunia nzima. Kapeti kuukuu zitaenda Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kujaa 2001 na bado linapokea taka.

22/ Usisahau kazi pia. Yule tunayemwita "shamba boy" hulipwa kukata nyasi, na kuna mamia ya watu wanaouza miche na nyasi kando ya barabara. Kapeti ikiingia, mwenye nyumba anaokoa mshahara wa mtu. Ni haki yake, lakini tusiuite uhifadhi wa mazingira.

23/ Kwa hivyo siku hoja hii ikifika kwa bunge la kaunti yako, usikubali kuulizwa tu "unataka ama hutaki?" Uliza manne. Inafunika nini, udongo ama saruji? Nani ataikanyaga? Maji ya mvua yataenda kwa nani? Na ikichakaa nani anailipia safari ya kwenda jaani? Mtoto wa Jericho na mwenye bwawa la kuogelea Karen watakujibu tofauti, na sheria nzuri inafaa iweze kuwatofautisha.

24/ Mtaani kwenu zimewekwa wapi, kwa roshani ama juu ya udongo? Na kama una bustani, unamwagilia ama unaacha ikauke hadi mvua? Tuandikie hapo chini, ukitaja mtaa tu, si jina la jirani.