Oili ya giaboksi otomatiki
Oili ya giaboksi otomatiki ni kiowevu kinacholainisha na kupoza giaboksi ya gari lisilo na pedali ya klachi. Pia hupitisha nguvu ya injini na kubana klachi za ndani kwa shinikizo.

Aina nyingi huwa nyekundu zikiwa mpya. Zikigeuka kahawia iliyokolea na kunuka kuungua, ni dalili ya joto kali au klachi kuchakaa.

Uamuzi wa kuibadilisha hufuata kitabu cha gari, kilomita zilizotembea na matumizi: kuvuta trela au foleni za mjini huichosha mapema. Oili mpya haiponyi klachi zilizokwisha. Aina itumike ile iliyotajwa na mtengenezaji. Giaboksi za CVT zina oili yake.