Bethlehem ya Pennsylvania na Kwaya Yake ya Bach

Bethlehem hii si ile ya Yudea. Ni mji wa wastani mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, kando ya mto Lehigh, na ulijipatia jina kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo: chuma na Bach. Chuma kimekwisha. Bach bado anaimbwa, na kila Desemba kwaya iliyoanzishwa mjini hapo mwaka 1898 husimama na okestra yake kuimba tamasha la Krismasi. Hii ndiyo historia yake kwa ufupi.

Mizizi yake ni ya Kimoravian, na hapo msomaji wa Tukuyu, Mbeya au Tabora yuko nyumbani. Wamoravian waliohamia Amerika kutoka Ulaya ya kati walianza kujenga kando ya Lehigh mwaka 1741. Mkesha wa Krismasi wa mwaka huo walikuwa na nyumba moja ya magogo, watu upande mmoja na mifugo upande wa pili. Mgeni wao usiku ule alikuwa Count Zinzendorf, mlezi wa kanisa lao, aliyewapa hifadhi katika ardhi yake huko Herrnhut, Ujerumani. Ibada ilipokuwa ikiendelea aliinuka akawaongoza kuingia upande wa mifugo huku wakiimba wimbo unaoitaja Bethlehemu, na kijiji kikapata jina papo hapo. Ni vigumu kupata mji mwingine uliopewa jina katikati ya wimbo wa Krismasi.

Watu hawa hawakungoja watajirike ndipo wanunue ala. Kufikia 1744 walikuwa na kikundi cha kupiga muziki wa ala, na mwaka 1754 wakaletewa seti ya tromboni nne, kila moja na ukubwa wake, kuanzia ndogo ya sauti ya kwanza hadi ile ndefu ya besi. Tromboni hizo zilikuwa na kazi mjini. Mtu alipofariki, wapigaji walipanda juu wakatangaza kifo kwa tuni za kanisa, na kila kundi la waumini, wanaume wenye ndoa, mabinti, wajane na wengineo, lilikuwa na tuni yake. Aliyekuwa shambani alisikia na kujua msiba umeangukia kundi gani. Benjamin Franklin alipopita hapo mwaka 1756 aliusikia muziki wa kanisa, kinanda kikiambatana na fidla, filimbi na zumari, na baadaye akauandika kwa sifa katika kumbukumbu za maisha yake. Ipo pia hadithi ipendwayo sana mjini kwamba alfajiri ya Krismasi ya 1755 wapiganaji wa makabila asilia ya Amerika waliokuja kuuvamia mji walizisikia tromboni kutoka juu wakageuza. Wanahistoria hawaikubali sana, nami siwezi kuwalaumu. Hadithi inayowafaa wenyeji kiasi hicho huwa imepitia mikono mingi.

Kwa hiyo J. Fred Wolle, aliyezaliwa Bethlehem mwaka 1863, alikulia mahali ambapo kuimba kwa sauti nne lilikuwa jambo la kila siku. Mwaka 1884 alikwenda Munich kujifunza kinanda kwa Josef Rheinberger. Huko alisikia Mateso ya Bach kwa Injili ya Yohana, akarudi nyumbani akiwa mtu wa neno moja. Mwaka 1888 kwaya aliyoiongoza mjini iliimba Mateso hayo yote, mara ya kwanza kuimbwa kwa ukamilifu Marekani. Mwaka 1892 wakaimba Mateso kwa Injili ya Mathayo. Kisha Wolle akaweka mbele yao Misa ya B minor, na hapo waimbaji wakagoma. Walisema haiwezekani. Kila mwalimu wa kwaya anayajua mazungumzo ya namna hiyo. Wolle aliyamaliza kwa kuiacha kwaya ivunjike.

Miaka sita baadaye wenyeji wenyewe walimrudia. Desemba 1898 ikaundwa kwaya mpya, Kwaya ya Bach ya Bethlehem, na sharti likajulikana tangu siku ya kwanza: wataimba Misa, na wataiimba yote. Mazoezi yalichukua zaidi ya mwaka. Njia ya Wolle ya kufundisha inastahili kusimuliwa, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kinyume chake. Alianzia mwisho. Aliwafundisha nota za mwisho za kipande hadi wakazishika kabisa, akarudi nyuma kidogo, wakaimba hizo mpya mpaka wakazikuta zile wanazozijua, akarudi nyuma tena. Ni kama mtu anayerudi kwao: kila hatua mbele anaingia katika njia aliyoizoea zaidi. Anayefundisha kwa kuanzia mwanzo huishia kuwa na kwaya hodari kwenye ukurasa wa kwanza na yenye kubabaika kwenye ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa mwisho ndio wasikilizaji wanaoondoka nao.

Tarehe 27 Machi 1900, katika kanisa kuu la Wamoravian mjini hapo, Misa ya B minor iliimbwa yote kwa mara ya kwanza nchini Marekani. Kwaya ya tromboni iliwaita watu kutoka mnarani kwa tuni za kanisa, kama ilivyowaita babu zao. Hakuna aliyepiga makofi, maana pale palikuwa kanisani. Desturi zote mbili ziliambatana na kwaya kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata wakapanua tukio hilo kuwa sherehe ya siku tatu, na hapo ndipo Krismasi inapoingia rasmi katika historia ya kwaya. Waliimba Oratorio ya Krismasi, nayo ikiwa mara yake ya kwanza kusikika kwa ukamilifu Marekani. Mwishoni mwa Desemba 1904 wakafanya sherehe nzima ya Bach kwa msimu wa Krismasi, ikifuatiwa mwaka 1905 na nyingine za Kwaresima na Pasaka.

Kazi hiyo ya Krismasi ina asili inayochekesha kidogo. Bach aliitunga kwa makanisa ya Leipzig, sehemu sita za siku sita, kuanzia Krismasi ya 1734 hadi Epifania ya Januari 1735. Wimbo wa kwaya unaoifungua ulikuwa na maisha mengine kabla: mwaka 1733 aliutunga kwa siku ya kuzaliwa ya Maria Josepha, malkia, ukiwaita wapiga ngoma na tarumbeta wamshangilie. Mwaka mmoja baadaye alibadili maneno, muziki akauacha karibu vilevile. Ndiyo maana Oratorio inaanza na ngoma. Timpani hupiga peke yake, filimbi zikajibu, timpani tena, zumari zikaingia, halafu tarumbeta na fidla zinaporomoka kwa kasi, na kwaya inapofungua kinywa inaiga ule mdundo wa ngoma, sauti zote nne zikiwa pamoja kwenye nota zilezile. Mwimbaji aliyeingia akiwaza anachopaswa kuimba amekwisha kuchelewa.

Baada ya hapo kukawa kimya. Mwaka 1905 Wolle alichukuliwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akafundishe muziki, na bila yeye kwaya ikasimama. Kwa miaka sita taasisi haikuwapo. Hili historia za sherehe hupenda kulipita haraka, lakini linaonyesha kwamba wakati huo kwaya ilikuwa bado ni mtu mmoja.

Aliyebadilisha hali hiyo alikuwa tajiri wa chuma. Charles M. Schwab, aliyekuwa amewahi kuongoza kampuni kubwa kuliko zote za chuma Marekani, alikuwa sasa ameshika Bethlehem Steel, na alipenda muziki tangu utotoni. Kinanda alikipiga mwenyewe. Fedha zake na za matajiri wenzake zilimrudisha Wolle, na mwaka 1912 sherehe ikaanza upya ng'ambo ya mto, katika kanisa la Packer ndani ya Chuo Kikuu cha Lehigh, juu ya kilima kinachotazama viwanda. Palipopungua, Schwab alijazia. Sasa ikawezekana kuwaleta wapigaji wa Philadelphia wakae mbele ya waimbaji wa Bethlehem. Mgawanyo huo ndio uliodumu hadi leo: okestra ni ya wanamuziki wanaolipwa, na kwaya ni ya walimu, wafanyakazi wa ofisini, mafundi na wastaafu wanaojitolea, ambao lazima wajaribiwe sauti ndipo wapokelewe.

Wolle alifariki Januari 1933. Aliyemfuata, T. Edgar Shields, alikaa miaka michache. Kisha akaja Ifor Jones, mtu wa Wales, aliyeongoza kuanzia 1939 hadi 1969, kipindi ambacho kiwanda kilikuwa na watu takriban 30,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili na anga la usiku lilikuwa jekundu kwa matanuri. Alfred Mann, msomi mzaliwa wa Ujerumani, aliwapeleka mwaka 1976 hadi Leipzig, wakaimba katika kanisa la Mtakatifu Thomas, kazini kwa Bach mwenyewe. Kuanzia 1983 Greg Funfgeld akashika kijiti kwa takriban miaka 40. Yeye ndiye aliyeanzisha mwaka 2005 matamasha ya mchana ya bure katika kanisa lile la Wamoravian, ambako mtu anaweza kuingia na mfuko wake wa sokoni akasikiliza Bach. Tangu 2022 kiongozi ni Christopher Jackson.

Katika miaka ya Funfgeld ndipo chuma kilipokufa. Tanuri la mwisho la Bethlehem lilizimwa Novemba 1995, kampuni ikafilisika mwaka 2001, na miaka miwili baadaye haikuwapo tena. Mji ulioishi kwa mshahara mmoja ulibaki na magofu ya kutu marefu kuliko minara ya makanisa yake. Sasa chini ya magofu hayo hufanyika matamasha. Wengi wangetabiri kwamba kwaya iliyoinuliwa na pesa za chuma ingeanguka pamoja nazo. Haikuanguka. Nadhani sababu ni kwamba pesa zile zililipia okestra, ukumbi na nauli, lakini hazikuwahi kumlipa mwimbaji wa kwaya. Kilichokuwa bure tangu 1898 hakikuwa na cha kufilisika.

Krismasi yenyewe ilizidi kuwa riziki ya mji. Mwaka 1937, katika miaka ya mdororo wa uchumi, wafanyabiashara waliutangaza kuwa Mji wa Krismasi na nyota kubwa ya taa ikawashwa juu ya mlima wa kusini. Wageni hujaa Desemba. Wamoravian bado wanafanya mkesha wao, na mishumaa midogo ya nta iliyozungushiwa karatasi nyekundu, na Julai 2024 UNESCO iliziingiza Bethlehem, Herrnhut na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini katika orodha ya urithi wa dunia. Tamasha la kwaya hufanyika katikati ya shamrashamra hizo, kwa kawaida Bethlehem na Allentown jirani.

Nimetaja Tukuyu na Tabora mwanzoni. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Urambo waliipokea mwaka 1898, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa kwaya hii. Walitoka Ujerumani, hawakutoka Pennsylvania, lakini walikuja na mazoea yaleyale: tarumbeta za kanisa, alfajiri ya Pasaka makaburini, korali za sauti nne. Leo Wamoravian wengi kuliko popote duniani wako Tanzania. Msikilizaji wa Rungwe akikaa katika tamasha la Oratorio ya Krismasi atashtuka mapema, kwa sababu korali ya kwanza Bach aliipa tuni ambayo makanisani inajulikana kwa Ijumaa Kuu, wimbo wa kichwa kilichojaa majeraha. Katikati ya Noeli kwaya inaimba kwa tuni ya msalaba. Akivumilia hadi sehemu ya sita ataisikia tena, mwisho kabisa, safari hii tarumbeta tatu na timpani zikiwa juu yake kwa nguvu zote.