Selimundu: Kutoka Uboho wa Ndugu hadi Vitone vya Nano

Wengi huniuliza kliniki kama selimundu inapona. Mwaka 1984, madaktari wa Memphis, Marekani, walieleza habari za msichana wa miaka 8 aliyekuwa na selimundu na pia saratani ya damu. Walimtia uboho wa ndugu yake kwa sababu ya saratani, na selimundu nayo ikaondoka.

Lakini si kila mtoto ana ndugu anayelingana naye. Mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy: seli za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hurekebishwa maabarani, kisha hurudishwa. Kabla ya hapo uboho wake huuawa kwa dawa kali zinazoweza kuharibu uzazi. Bei ilitangazwa Marekani kuwa dola milioni 2.2. Nani kwetu anazo?

Ndipo watafiti wakageukia vitone vya mafuta vya nano, kama vile vilivyobeba baadhi ya chanjo za Korona. Mwaka 2023 walionyesha kwamba vitone hivyo vyaweza kuzifikia seli za uboho humo humo mwilini. Mwili wenyewe ulikuwa wa panya, mama. Kwa hiyo anayekuuzia "sindano ya nano" leo, usimpe hata shilingi. Mtoto aendelee na dawa alizoandikiwa kliniki, na akipata homa mpeleke hospitali usiku huo huo.