Mtepe Mdogo wa Mfano

Mtepe, chombo cha pwani ya Waswahili ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, yaani nyuzi za ganda la nazi, na ambacho kilisukumwa na tanga la mraba la mkeka wa miyaa, ulitoweka baharini mapema katika karne ya 20, na leo umbo lake huonekana zaidi katika vielelezo vidogo, vikiwemo vya Makumbusho ya Lamu. Uzuri wa kazi ya kuunda vielelezo hivi umo hasa katika mshono, kwani fundi hutoboa mbao nyembamba kwa kekee na kupitisha uzi tundu kwa tundu, kuanzia mkuku, yaani mti wa chini unaobeba chombo kizima. Wageni wanaombwa wasiguse tanga, kwa kuwa miyaa mikavu hukatika upesi.