Mshahara ghafi, makato na mshahara wa mkononi

mshahara nm [u-/i-] malipo ya kazi yanayotolewa kwa mwezi.
ghafi kv -siopunguzwa, -siosafishwa.
makato nm [ya-] fedha zinazoondolewa katika malipo kabla ya kumfikia mlipwaji.
mshahara wa mkononi kiasi kinachomfikia mfanyakazi baada ya makato yote. Pia *mshahara baada ya makato*. Katika mazungumzo ya mjini husikika pia *tekihomu*.

Istilahi hizi hukutana katika mikataba ya ajira, hati za mshahara na fomu za mikopo ya benki. Kila moja ina maana yake, lakini katika usemi wa kawaida neno *mshahara* pekee hutumika kwa zote. Mshahara ukiwa mdogo, utata huo hugharimu fedha kidogo. Mshahara ukiwa mkubwa, tofauti kati ya maana moja na nyingine huweza kufikia mamilioni ya shilingi kwa mwezi.

Asili na upeo wa maana

*Mshahara* limetokana na Kiarabu *mushāhara*, nomino yenye mzizi mmoja na *shahr*, yaani mwezi. Kwa hiyo dhana ya mwezi imo ndani ya neno lenyewe, ingawa historia ya kazi Afrika Mashariki iliinyoosha. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza, yakiwemo ya Kilosa, kibarua alihesabiwa kwa *kipande*, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Alistahili malipo kadi ilipojaa, hata kama siku hizo 30 zilivuka mwezi wa kalenda.

*Ujira* ni malipo ya kazi kwa jumla, yawe ya siku, ya kipimo au ya mkupuo. Mkata miwa anayelipwa kwa kazi aliyopimiwa hupata ujira. Mhandisi wa kiwanda hicho hicho hupata mshahara.

*Posho* hapo awali lilikuwa chakula alichogawiwa mpagazi au kibarua. Uganda neno hilo limebaki kwenye chakula na humaanisha ugali. Tanzania limekuwa jina la malipo yanayoongezwa juu ya mshahara wa msingi: posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka. Mfasiri asidhani kwamba neno *posho* lenyewe linaashiria fedha zisizotozwa kodi. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, posho ya nyumba inayolipwa taslimu ni sehemu ya mapato ya ajira na hutozwa kodi. Msamaha uliomo katika sheria ya kodi ya mapato kwa baadhi ya posho unawahusu watumishi wa serikali na wa taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku yake.

Kata, ukataji, makato

Kitenzi *kata* kina uzao mkubwa, na kata ya Kidodi, wilayani Kilosa, ni mahali pazuri pa kuuonyesha. Kidodi iko kando ya barabara ya Mikumi hadi Ifakara, katika ukanda wa miwa. Kiwanda cha sukari cha Ruembe kiko upande huo wa Mto Ruaha Mkuu, na cha Msolwa kiko ng'ambo. Msimu ukifika, maneno yafuatayo husikika kwa siku moja:

– *ukataji*: kitendo au kazi ya kukata. «Ukataji wa miwa umeanza.»
– *mkata*: mtendaji. «Wakata miwa wamefika shambani.»
– *mkato*: namna au matokeo ya kukata, pia alama ya uandishi, na katika *njia ya mkato*, njia fupi.
– *makato*: fedha zilizopunguzwa. «Makato ya mwezi huu yameongezeka.»

*Kata* yenye maana ya eneo la utawala, kama katika «kata ya Kidodi», huorodheshwa kwa kidahizo chake.

Kauli ya kutendwa inahitaji uangalifu. «Amekatwa mshahara» hueleweka na wengi kuwa malipo yake yamepunguzwa, labda kwa adhabu au kwa kutohudhuria kazini. «Amekatwa kodi katika mshahara» ni jambo la kawaida la kila mwezi. Hati rasmi itumie muundo wa pili na itaje kinachokatwa. Tofauti hii ina uzito wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamzuia mwajiri kukata chochote katika ujira isipokuwa kwa misingi iliyowekwa na sheria hiyo, ukiwemo uamuzi wa sheria nyingine au ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi.

Makato si lazima yawe kodi. Hati ya mshahara huweka pamoja vitu vitatu vya asili tofauti: *kodi*, inayokwenda serikalini, *mchango*, kama wa NSSF au PSSSF, ambao ni akiba ya hifadhi ya jamii kwa faida ya mchangiaji, na *marejesho*, yaani ulipaji wa deni, kama mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kuandika «kodi ya NSSF» ni kosa. Kadhalika, tozo ya kuendeleza ufundi stadi na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri kutoka mfukoni mwake. Huhesabiwa kwa kuzingatia mishahara, lakini si makato ya mfanyakazi.

Ghafi, halisi, safi

Penye kiwanda cha sukari, *ghafi* si neno geni. *Sukari ghafi* ni ile ambayo bado haijasafishwa. Kwenye mizani, *uzito ghafi* ni wa gari pamoja na miwa, na uzito wa gari tupu ukitolewa hubaki *uzito halisi*. Mshahara ghafi umejengwa kwa mfano huo huo: jumla yote kabla ya kitu chochote kuondolewa. Usichanganywe na *mshahara wa msingi*, ambao ni jumla hiyo bila posho.

Kinyume cha *ghafi* ndicho chenye matatizo. Waandishi wengi hutumia *mshahara halisi* kwa kiasi kinachobaki baada ya makato. Hata hivyo wanauchumi hutumia istilahi hiyo hiyo kwa mshahara uliopimwa kwa uwezo wake wa kununua, baada ya kuzingatia mfumuko wa bei. Sentensi «Mshahara halisi umeshuka» hubeba basi maana mbili: kwamba makato yamepanda, au kwamba bei za bidhaa zimepanda. Kiarabu, kilichotupa *halisi* na *safi* pia, hutumia *ṣāfī* kwa kiasi kilichobaki baada ya kupunguzwa. Katika Kiswahili *safi* halikushika maana hiyo katika mishahara. Kwa sababu hii, *mshahara baada ya makato* ndiyo istilahi salama zaidi katika hati, na *mshahara wa mkononi* hufaa katika maelezo.

Namna ya kukokotoa

Kodi ya mapato ya ajira Tanzania, inayojulikana kwa kifupi PAYE na kwa Kiswahili *Lipa Kadri Upatavyo*, hukatwa na mwajiri na kuwasilishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania ndani ya siku 7 baada ya mwezi kumalizika. Viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza kutumika Julai 2021 ni hivi, kwa mwezi:

– hadi shilingi 270,000: hakuna kodi;
– zaidi ya 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kiasi kinachozidi 270,000;
– zaidi ya 520,000 hadi 760,000: shilingi 20,000 na asilimia 20 ya kiasi kinachozidi 520,000;
– zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: shilingi 68,000 na asilimia 25 ya kiasi kinachozidi 760,000;
– zaidi ya 1,000,000: shilingi 128,000 na asilimia 30 ya kiasi kinachozidi 1,000,000.

Mchango wa hifadhi ya jamii huondolewa kwanza, na kodi huhesabiwa juu ya kinachobaki. Kiasi hicho huitwa *mapato yanayotozwa kodi*.

Chukua mfano wa kubuni wa mhandisi anayeajiriwa Kidodi na kampuni binafsi, mwanachama wa NSSF anayechangia asilimia 10. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 4,000,000, posho ya nyumba 800,000 na posho ya usafiri 200,000.

– Mshahara ghafi: 5,000,000
– Mchango wa NSSF: 500,000
– Mapato yanayotozwa kodi: 4,500,000
– Kodi: 128,000 + (asilimia 30 ya 3,500,000) = 1,178,000
– Mshahara baada ya mchango na kodi: 3,322,000

Iwapo mhandisi huyo alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, marejesho ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 600,000, hukatwa pia. Mkononi hubaki 2,722,000. Mtu huyo anaweza kusema kwa ukweli kwamba mshahara wake ni milioni 4, milioni 5, au milioni 2.7.

Sasa mkataba mmoja uahidi «shilingi milioni 5 kabla ya makato» na mwingine «shilingi milioni 5 baada ya mchango na kodi». Ili mhandisi wa mkataba wa pili apate milioni 5 kamili, mwajiri atalazimika kumwekea mshahara ghafi wa takriban 7,663,500. Pengo ni zaidi ya milioni 2.6 kila mwezi, na limetokana na maneno *kabla* na *baada*. Mkataba unaosema tu «mshahara wa shilingi milioni 5» umewaachia wagombane juu yake.

*Kabla ya kodi* nalo si sawa na *kabla ya makato*. Katika mfano huu, kiasi kabla ya kodi kinaweza kusomwa kuwa 4,500,000, kwa kuwa mchango umekwisha kutolewa. Kabla ya makato ni 5,000,000.

Asilimia ya nini?

Maneno yenye thamani kubwa kuliko yote katika jedwali la kodi ni *ya kiasi kinachozidi*. Yakiachwa, maana hupinduka. «Anayepata zaidi ya milioni 1 hutozwa asilimia 30» husomwa kana kwamba asilimia 30 hukatwa katika fedha zote. Kwa mhandisi wetu hesabu hiyo potofu ingetoa kodi ya 1,350,000, yaani 172,000 zaidi ya anayodaiwa. Kutokana na usomaji huo huzaliwa imani kwamba nyongeza ya mshahara inaweza kumvusha mtu kwenye kiwango cha juu na kumwacha na fedha pungufu. Jedwali haliruhusu hilo: kiwango kipya hugusa sehemu iliyozidi tu.

Nyongeza haipotei, ila haiji nzima. Mhandisi huyo akiongezewa 100,000 katika mshahara wa msingi, NSSF huchukua 10,000, kodi 27,000 na marejesho ya mkopo 15,000. Mkononi huongezeka 48,000. Mtafsiri wa barua ya nyongeza aandike «nyongeza ya shilingi 100,000 katika mshahara wa msingi», asiandike «utapokea shilingi 100,000 zaidi».

Tofauti za nchi na nchi

Tanzania *kodi* ni jina la jumla la fedha anazodai serikali, na *ushuru* huelekea kwenye forodha na mazao. Kenya *ushuru* ndilo jina la jumla, na *kodi* kwa wasemaji wengi ni malipo ya pango. Ndiyo maana makato ya asilimia 1.5 ya mshahara ghafi kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu, yaliyowekwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2024, hayafai kuitwa *kodi ya nyumba* kwa msomaji wa Nairobi, maana atafikiri anazungumziwa mwenye nyumba wake. *Ushuru wa nyumba* humfikia bila utata.

*Kikokotoo*, nomino itokanayo na *kokotoa*, lilikuwa jina la kawaida la chombo au kanuni ya kufanyia hesabu. Tangu mjadala wa mafao wa mwaka 2018, ambao ulimfanya Rais John Magufuli asimamishe kanuni mpya mwezi Desemba, Mtanzania akisikia *kikokotoo* pasipo kivumishi hufikiria kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Kwa hesabu ya mshahara andika *kikokotoo cha kodi ya mshahara*.

Mapendekezo kwa waandishi na watafsiri

1. Usiandike *mshahara* peke yake penye tarakimu. Sema ni wa msingi, ghafi, au baada ya makato.
2. Orodhesha makato yaliyokusudiwa. *Baada ya kodi* haliyajumuishi yote.
3. Baada ya kila asilimia, taja ni ya nini.
4. Tenga *kodi*, *mchango* na *marejesho*.
5. Epuka *mshahara halisi* isipokuwa katika uchumi, ambapo mfumuko wa bei ndio unaojadiliwa.

Tazama pia: *ajira*, *kiinua mgongo*, *kipande*, *posho*, *ujira*, *ushuru*.