Heri kufa kuliko kuporwa

Wadau, leo tuache kidogo stori za bumu na mitihani. Nimezama kwenye historia ya Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa asiyeujua: kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, mmoja wenu anasimulia dunia na maadui wake, na dadu zinaamua nani kapiga nani kakosa.

Sasa kinachonifurahisha ni hiki: mchezaji anavumilia mhusika wake auawe, ila akiporwa na adui mwenye nguvu kumzidi, hapo ni ugomvi. Na ana haki. Kwenye kanuni za mwanzo, sarafu moja ya dhahabu uliyotoka nayo pangoni ilikuletea alama moja ya uzoefu, na alama hizo ndizo zilizokupandisha daraja. Tena nguvu zako nyingi zilikaa kwenye upanga na pete za kichawi. Ukifa, unaandika karatasi mpya. Ukiporwa unabaki hai, na kila mkikutana unaliona pengo.

Gygax alijua pa kubana. Kwenye Tomb of Horrors, iliyochezwa kwenye mashindano ya Origins mwaka 1975, kuna lango ukipita unajikuta umerudi mwanzo uchi kabisa, vitu vyako vimeenda kwa mwenye kaburi! Rob Kuntz, rafiki yake Gygax, alilipita kaburi hilo kwa kutanguliza maorki wake wafe kwenye mitego. Roho mbaya, lakini mali ilibaki salama.

Ila kiboko ni mkasa wa mabwana wa watumwa, uliochezwa Gen Con mwaka 1980. Mwaka huo Gen Con ilifanyika kampasi, chuo kikuu cha Wisconsin-Parkside. Sehemu ya mwisho, iliyoandikwa na Lawrence Schick na kuchapishwa 1981 kama A4, inaanza mashujaa wakiwa gizani chini ya ardhi, wamevuliwa kila kitu, wamebakiziwa vitambaa vya kiunoni tu. Hakuna silaha wala ngao. Inabidi uokote jiwe, ufikirie, na uongee na viumbe badala ya kuwakata. Humo ndimo walipotokea kwa mara ya kwanza myconid, watu-uyoga wapole, na mtu asiye na upanga husikiliza vizuri zaidi, au siyo?

Kwenye mashindano hilo lilikubalika, maana wahusika walikuwa wa kupewa tu. Hakuna aliyelia kwa pete aliyokabidhiwa asubuhi ile. Nyumbani ni kitu kingine. Ili A4 ianze, lazima kundi liwe limekamatwa mwisho wa A3, wapende wasipende. Mtu ametafuta upanga wake miaka miwili, halafu msimulizi anasema mmeshindwa, mmeamka uchi! Hapo wengine wanapigana hadi wa mwisho afe kuliko kusalimu amri, na mkasa unaharibika kabla haujaanza. Kwa maoni yangu kosa si la kuwavua. Kosa ni kuwanyima nafasi ya kukimbia kwanza.

Je, mdau, wewe ungeweka silaha chini?