Kutoka Tarim hadi Langoni: Historia Fupi ya Riyadha ya Lamu

Msikiti wa Riyadha, ulioko mtaa wa Langoni mjini Lamu, umepewa jina lililovuka bahari. Jina hilo, lenye maana ya bustani, lilikuwa tayari limepewa msikiti mwingine katika mji wa Seiyun, bonde la Hadhramaut, ulioanzishwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi katika miaka ya 1880. Kati ya misikiti hiyo miwili kuna jangwa, kuna Bahari ya Hindi, na kuna vizazi kadhaa vya watu waliofunga mizigo yao wakaaga. Habib Swaleh bin Alawi Jamalilayl, mwanzilishi wa Riyadha ya Lamu, hakuzaliwa Hadhramaut wala Lamu. Alizaliwa Singani, kisiwani Ngazidja, katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo anayetaka kuieleza Riyadha hana budi kuanza na safari kabla hajafika kwenye msingi wa jengo.

Masharifu wa Alawiya, wenye twarika iliyoizaa Riyadha, humwita babu yao kwa jina la safari: Ahmad bin Isa al-Muhajir, yaani mhamaji. Aliondoka Basra mwaka 317 Hijria, sawa na 929 Miladia. Iraki ya kusini ilikuwa imechakaa kwa fitina. Uasi wa Zanji wa mwaka 869 hadi 883, ulioanzishwa na watumwa waliokuwa wakisafisha ardhi ya chumvi kwenye vinamasi, ulikuwa umeiachia Basra majeraha makubwa. Wakarmati, waasi wengine, wakafuata, wakiuvamia mji na kuziteka nyara njia za mahujaji. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 317 waliingia Makka, wakachinja mahujaji, wakaling'oa Jiwe Jeusi na kuondoka nalo.

Hofu, basi, ndiyo iliyomtoa Ahmad kwao. Lakini hofu haielezi kwa nini alitua Hadhramaut, bonde lenye mvua haba na njia ngumu, wakati Baghdad ilikuwa karibu zaidi na ilikuwa na kila neema ya dunia. Alitafuta mahali pa mbali na dola na vurugu zake, ambapo familia ingeweza kusoma na kusali bila kusumbuliwa. Alifariki mwaka 956 huko Husaysa, baina ya Seiyun na Tarim, na kaburi lake huzuriwa mpaka leo. Jina la ukoo, Ba Alawi, lilitokana na mjukuu wake, Alawi.

Twarika yenyewe ilisimamishwa na Muhammad bin Ali, ajulikanaye kama al-Faqih al-Muqaddam, aliyefariki Tarim mwaka 1255. Mapokeo yanasimulia kwamba alivunja upanga wake siku alipoingia njia ya usufi. Katika bonde ambalo kila kabila lilitembea na silaha, kuvunja upanga kulikuwa na matokeo ya kila siku. Sharifu asiyebeba silaha aliweza kupita kati ya makabila yenye kisasi, akasuluhisha, akalindwa na heshima ya nasaba yake. Ila heshima haizuii ukame, na vita vikipamba moto haimlishi mtu. Asiye na upanga wala kisima hubakiwa na miguu yake.

Ndivyo walivyoanza kutoka. Mashamba ya Hadhramaut yaliishi kwa maji ya mafuriko ya msimu. Mvua ikikosa, mtende hauzai na mtama haukomai. Ardhi ilikuwa ndogo na warithi wengi. Katika karne ya 19 yaliongezeka mapigano marefu baina ya Wakathiri na Waquaiti, nyumba mbili za kitawala zilizogombea bonde na bandari za Shihr na Mukalla, huku askari wa kukodiwa wa Kiyafii wakiwatoza raia watakavyo. Waliokuwa na ndugu Hyderabad walikwenda Hyderabad. Waliokuwa na ndugu Java walikwenda Java, na sensa ya Waholanzi ya mwaka 1930 ilihesabu Waarabu zaidi ya 70,000 katika visiwa vya Indonesia, wengi wao wenye asili ya Hadhramaut. Waliobaki nyumbani waliishi kwa fedha zilizotumwa na waliotoka. Ukweli huo ulijidhihirisha kwa uchungu wakati wa Vita Vikuu vya Pili: Wajapani walipoiteka Java, fedha zikakatika, mvua nayo ikagoma, na njaa ya 1943 na 1944 ikaua maelfu ya watu bondeni.

Upande wa Afrika njia ilikuwa upepo. Kaskazi inapovuma, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, jahazi linaloondoka Shihr au Mukalla husukumwa moja kwa moja hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazidja. Kusi ikigeuka, linarudi. Aliyekosa kurudi na kusi ya mwaka huo alikaa mwaka mzima, na mwaka mzima ni muda wa kutosha kuoa. Katika majahazi hayo walikuwemo Washihiri wa kila hali, wachukuzi, wauza kahawa, wachuuzi wa samaki wakavu, na pamoja nao masharifu wachache wenye vitabu.

Kitu ambacho masharifu hao walikibeba kilikuwa chepesi kuliko bidhaa zote za jahazi. Mfano mzuri ni Ratibu ya Haddad. Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyezaliwa 1634 na kufariki 1720, alipofuka macho utotoni kwa ndui. Aliipanga ratibu yake mwaka 1071 Hijria, katika siku ambazo majeshi ya Wazaidi kutoka Yemen ya juu yalikuwa yakiliingia bonde na watu wakihofia itikadi yao. Ni nyuradi fupi, husomwa kwa pamoja, haihitaji chombo wala jengo, na mtoto huihifadhi kwa kuisikia tu. Inaweza kusomwa sitahani. Zawiya yenye kuba na walinzi haihamishiki. Ratibu huhamishika, na pwani yetu yote imeijua tangu vizazi.

Nao hawakutua popote walipofikishwa na tanga. Walitua penye jamaa. Ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim, walii wa Inat aliyefariki mwaka 1584, uliota mizizi Pate, na humo ndimo alimotoka Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Ukoo wa Jamalilayl nao ulipita Pate, kisha tawi lake likaenda Ngazidja. Huko lilikuta desturi iliyomfaa sana mgeni: nyumba na ardhi ya urithi wa kike, manyahuli, ni mali ya upande wa mama, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Sharifu aliyeteremka chomboni na kanzu mbili na mkoba wa vitabu hakuwa na haja ya kununua kiwanja. Aliingia katika nyumba iliyokwisha kusimama. Watoto wake walizungumza Kingazidja kwa mama na Kiarabu cha chuoni kwa baba, na nasaba ya Tarim ikabaki imeandikwa kwenye karatasi.

Swaleh bin Alawi ni tunda la ndoa za namna hiyo. Ngazidja ya ujana wake haikuwa na utulivu, kwa kuwa masultani wa kisiwa walipigana wao kwa wao, na mwaka 1886 Ufaransa ikakiweka kisiwa chini ya himaya yake. Wangazidja wengi walihamia Unguja na bandari nyingine za Waswahili katika miaka hiyo. Yeye alikuja Lamu, ambako baba yake mdogo, Sayyid Ali bin Abdallah Jamalilayl, alikuwa akiishi, na kufikia miaka ya 1880 alikuwa amekwisha kuwa mkaazi. Alikuwa na elimu ya dini na ujuzi wa tiba, na watu walimfuata kwa vyote viwili. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Lamu ilipata wa kuiponya kwa maana halisi ya neno.

Lakini mwenyeji yupi? Lamu ya wakati huo iligawika. Mkomani, upande wa kaskazini, ilikuwa na nyumba za mawe zenye zidaka na milango ya nakshi, makazi ya waungwana wa nasaba kongwe. Langoni, kusini, ilikuwa na vibanda vya udongo na makuti, makazi ya Wangazidja, Washihiri maskini, watu wa visiwa vya jirani, watumwa na waliokuwa watumwa. Elimu ya juu ya dini, yaani nahau, fiqhi na tafsiri, ilikuwa ikizunguka ndani ya nyumba za Mkomani. Sharifu kijana angeweza kudai nafasi huko kwa nasaba yake. Akachagua Langoni.

Mkono mkubwa ulitoka kwa mwalimu wake, Sayyid Abubakar bin Abdulrahman al-Husseini, maarufu kwa jina la Mwenye Mansabu, mwanazuoni na mshairi aliyeitia Maulidi ya Barzanji katika tenzi za Kiswahili na kufariki mwaka 1922. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mwenye Mansabu alitoa ardhi ya wakfu pembezoni mwa mji. Darsa zikaanza katika banda la makuti, na mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wa mawe ukasimama. Jina la Seiyun likaja, na pamoja nalo likaja jambo lililoitikisa Lamu: Simtu-Durar, maulidi iliyotungwa na Habib Ali al-Habshi, ambayo pwani huitwa Maulidi ya Habshi.

Maulidi ya Habshi ilisomwa Riyadha kwa matari na mwendo wa mwili, msikitini, na miongoni mwa waliopiga na kuitikia walikuwemo vijana ambao wazazi wao walikuwa wamenunuliwa sokoni. Baadhi ya wakubwa wa mji walikasirika. Walisema ngoma haiingii msikitini, kwamba Barzanji iliyozoeleka inatosha, kwamba huu ni uzushi. Mtu akiyapima mabishano yale leo ataona kwamba matari yalikuwa sehemu ndogo ya ugomvi. Mwaka 1907 serikali ya Waingereza iliufuta utumwa kisheria katika pwani ya Kenya, mashamba ya bara yakakosa mikono, reli ya Mombasa ikaivuta biashara mbali na Lamu, na waungwana wakajikuta wanapungukiwa mali na watumishi kwa wakati mmoja. Hapo hapo, mtoto wa mtumwa anafundishwa nahau na sharifu aliyetoka visiwani. Kilichogombewa kilikuwa nani ana haki ya kujua.

Aliyehama ndiye aliyeweza kufungua mlango huo. Swaleh hakuwa na mashamba Lamu, kwa hiyo hakuwa na watumwa wa kuwapoteza. Hakuwa na wazee wa mtaa wa kuwaogopa. Alikuwa na nasaba ambayo hakuna muungwana aliyeweza kuidharau, na ijaza, yaani vibali vya kufundisha, zilizomwunganisha na Seiyun na Tarim. Mgeni mwenye heshima hiyo ana uhuru ambao mwenyeji hana, naye aliutumia kwa ajili ya watu ambao mji ulikuwa umewaweka nje. Hapa ndipo ukubwa wake ulipo, zaidi hata ya karama zinazosimuliwa juu yake.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Wanawe, Sayyid Ahmad Badawi akiwa miongoni mwao, walikwisha kushika ualimu, na chuo kikaendelea kupokea wanafunzi wa nje waliolala na kula hapo hapo. Walikuja kutoka pwani yote, kisha kutoka bara, Uganda na Kongo, wakarudi makwao na ratibu, Maulidi ya Habshi na mpangilio uleule wa darsa. Kisiwa kilichopokea wahamaji kikawa kinatoa walimu.

Baadaye njia zikakatika kwa nguvu za dunia. Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yaliwatawanya wanazuoni kadhaa wa Unguja, mji ambao madrasa ya Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, iliyokuwa mtaani Ukutani, ilikuwa imeuweka katika safu ya mbele ya elimu ya dini. Mwaka 1967 Yemen ya Kusini ikapata uhuru na kuangukia mikononi mwa serikali ya Kimaksi. Masharifu walinyang'anywa ardhi, baadhi wakatoweka, wengine wakakimbilia Hijazi, na Ribati ya Tarim, iliyofunguliwa katika miaka ya 1880, ikafungwa. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Afrika Mashariki hakuwa na Tarim ya kwenda. Riyadha iliendelea kusomesha vitabu vile vile ambavyo mji vilikotoka ulikuwa umezuiwa kuvisomesha hadharani.

Yemen mbili zilipoungana mwaka 1990 ribati ilifunguliwa tena, na mwaka 1993 Habib Umar bin Hafidh, ambaye baba yake alitekwa mwaka 1972 asionekane tena, akaanzisha Darul Mustafa huko Tarim. Vijana wa pwani wakaanza kwenda, safari hii kwa ndege, hadi vita vya Yemen vilipoirudishia safari hiyo ugumu wake wa zamani.

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita, gati la Mokowe hujaa watu wenye mikoba na mikeka wanaovuka kwenda kisiwani kwa maulidi ya Riyadha. Usiku wa Alhamisi uwanja wa Riyadha hauna pa kutia mguu. Ijumaa zefe hushika njia kuelekea makaburini, matari mbele, bendera juu, watoto wa chuo kwa safu, na watu kutoka Tanzania, Uganda na Ngazidja huitikia pamoja na Wa-Amu. Ndani ya maktaba ya msikiti vimehifadhiwa vitabu vya mkono vilivyonakiliwa kwa wino mweusi na mwekundu. Katika miaka ya 2010 vilipigwa picha kidijitali katika mradi wa Maktaba ya Uingereza pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, na leo mwanafunzi aliyeko Moroni, London au Muscat anaweza kufungua kurasa hizo bila kungoja kaskazi.